Fundi Mashoto wa Ukurasa wa 171

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Shedrack siku hizi. Habari za nyumbani hakuuliza, wala mama anaendeleaje. Veneranda aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kupinda sketi ya shule iliyokuwa magotini mwake.

"Tisini na nane."

"Jana si ulikuwa tisini?"

"Shedrack, wiki hii shule zinafungua. Nina sketi kumi na tano hapa na wenyewe wamejaa mlangoni. Nasoma nikipata upenyo."

"Sawa, sawa. Ila unakionaje?"

Veneranda hakuwa mtu wa kujibu haraka. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo vitu alivyosoma ni Biblia, vipande vya magazeti yaliyofungiwa maandazi, na majina ya wateja kwenye daftari lake la vipimo. Riwaya hii ndiyo ya kwanza maishani kuifikisha nusu. Shedrack alimletea wiki mbili zilizopita, siku aliyokuja Ipogolo kuwaambia wakwe zake watarajiwa kwamba wazee wake wangeleta barua ya posa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Alisema amekipata kazini, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Mbeya anakopanga kurasa za vitabu vya watu, na kwamba alitaka maoni ya mtu asiyemung'unya maneno.

Kiliitwa Shuka la Chimala. Mwandishi aliandikwa O. Saulo. Kilianza na maiti ya mwanamke iliyofukiwa kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, imeshonewa ndani ya shuka jeupe kama mzigo wa kusafirishwa. Ndipo akaja Daktari Amna, mchunguzi wa maiti, na miwani yake na kisu chake, na kuanzia hapo Veneranda alikuwa akisoma huku pasi ya mkaa inapoa.

"Nakipenda na sikipendi," akasema.

"Jibu gani hilo?"

"Ndilo hilo. Daktari Amna nampenda. Kabla hajamgusa marehemu anamwamkia, anamwambia shikamoo mama, niwie radhi. Hapo alinikamata. Lakini yale mafunza anayoyahesabu ili ajue mama wa watu amekufa lini, yale hapana. Wali umenishinda siku ya tatu leo."

Shedrack akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesifiwa. Veneranda alikisikia, akakiweka pembeni, kama unavyoweka kifungo ulichookota sakafuni na hujui kimedondoka nguo gani.

"Halafu jingine," akaendelea. "Nimefika tisini na nane na marehemu hajapata jina. Wanamwita mwili tu. Polisi wamekuja, daktari amekuja, mwandishi wa habari amekuja na kamera yake. Hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kulia. Msiba gani hauna sufuria jikoni?"

Upande wa pili mashine ya uchapaji ilisikika ikinguruma.

"Labda mwandishi hakutaka kurefusha."

"Labda hajawahi kufiwa."

Shedrack akasema bosi anamwita. Simu ikakatika.

* * *

Jirani yake Veneranda pale barabarani aliitwa Sabina, muuza chai na vitumbua. Sabina alikuwa na tabia ya kukichukua kitabu kila Veneranda alipokuwa anakata vitambaa, na alikuwa na tabia mbaya zaidi ya kuanza kusoma kutokea mwisho. Jumatano asubuhi alisimama mlangoni, kitabu kimefichwa chini ya aproni.

"Fundi, nataka unipime gauni," akasema. "Ila shuka usinishonee."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakacheka. Veneranda akatambua kwamba wameshahadithiwa, na kwamba ni yeye tu aliyebaki. Akauliza wanachekea nini. Sabina akawatazama wenzake, uso ukamshuka.

"Kwani hujafika huku?"

Akakiweka kitabu juu ya meza ya cherehani, kimefunuliwa ukurasa wa 171, akarudi kwenye vitumbua vyake bila kuongeza neno.

Muuaji alikuwa fundi wa nguo. Duka lake liko Ipogolo, chini ya kilima, lina mlango wa bluu. Daktari Amna alikuwa ameutazama ule mshono wa shuka kwa kioo cha kukuzia, akaona fundo limeanzia kulia na uzi umeelekea kushoto, akavua miwani na kuwaambia polisi: tafuteni fundi mashoto. Polisi wakampata. Kitabu kilimweleza fundi huyo taratibu, kama mtu anayemsifia. Akishona kifungo huweka njiti ya kiberiti chini yake ili kipate shingo ya uzi. Uzi haukati kwa mkasi, huukata kwa jino. Alipokuwa mdogo bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha khanga, mwaka mzima, ili ajue kula na kupokea kwa mkono wa kulia. Na hapo, kitabu kikasema, ndipo ubaya ulipoanza kuota ndani yake. Na kila alipomaliza kukaza fundo aliliambia, "Kaa hapo." Alisema hivyo hata siku ile alipofunga shuka juu ya uso wa marehemu.

Veneranda akakifunika kitabu. Akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado umeshika sindano.

Wateja wawili wakajifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba yao.

Akavuta daftari la vipimo, akafungua ukurasa mtupu na kufanya kama Daktari Amna anavyofanya. Mlango wa bluu kila apitaye barabarani anauona. Njiti ya kiberiti kila fundi anaijua. Khanga alikuwa anaijua bibi, ambaye sasa amelala makaburini, na anaijua mama. Nje ya hao aliwahi kumwambia mtu mmoja tu, Jumapili moja ya baridi ya mwezi wa sita, wakiwa wameketi hapo hapo, yeye akipinda gauni la mtu na huyo mtu mbele yake kwenye benchi. Na hilo la "kaa hapo" yeye mwenyewe hakuwa akijua kwamba hulisema. Alikuja kuambiwa na mtu huyo huyo, siku walipofahamiana, alipomshonea kifungo cha koti.

Akaandika ujumbe.

"O. Saulo ni nani?"

Alikuwa amepinda sketi nzima jibu lilipoingia.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ukurasa wa 171."

"Vene, naomba nikupigie."

"Usipige. Waambie wazee Jumamosi wasije."

Simu iliita mara kumi na moja. Aliifunika kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Jioni alipomweleza mama yake, Mama Evarista alisikiliza mpaka mwisho akipepeta ulezi, halafu akakumbusha kwamba mjomba ameshaarifiwa na kwamba mbuzi ameshafungwa uani.

"Sasa mjomba wako nimwambie nini? Kwamba posa imevunjwa na kitabu?"

"Mwambie imesimama."

"Imesimamishwa na nani?"

"Na mimi, mama. Mtu nikimpa la moyoni akalipeleka kiwandani likachapwe, kesho akiwa mume wangu atapeleka nini?"

Mama Evarista akaacha kupepeta. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungua ile khanga kila jioni.

* * *

Ijumaa saa saba mchana Shedrack alishuka kwenye basi la kutoka Mbeya, koti mkononi, uso wa mtu ambaye hajala njiani. Alimkuta mama mkwe mtarajiwa dukani.

"Kamwene," Mama Evarista akamwamkia.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akachukua ungo wake. "Nyie ongeeni. Mimi sijasoma hicho kitabu."

Sabina, hatua sita kutoka hapo, alianza kumimina kikombe cha chai ambacho hakikujaa mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Veneranda alimwonyesha benchi kwa kidevu. Shedrack akaketi.

"Kwa nini hukuniambia ni chako?"

"Nilitaka unisome bila kunionea huruma. Kazini wote wananisifu. Bosi ananiambia kizuri, na kitabu chenyewe hajakifungua. Wewe ndiye usiyejua kudanganya, Vene. Saulo ni baba, O ni Obeid, babu. Nilijificha nyuma yao ili nisikie ukweli."

"Basi ukweli huu hapa. Kitabu ni kizuri. Niliunguza sketi ya mtoto wa watu kwa pasi kwa ajili ya Daktari Amna. Na nilipoona Ipogolo imeandikwa, na mlango wangu umeandikwa, moyo ulifurahi. Ulifurahi mistari mitatu hivi, kabla sijajua mwenye mlango ni muuaji."

"Yule si wewe."

"Ni nani?"

Shedrack alikunja koti, akalikunjua.

"Nilihitaji mikono. Muuaji lazima awe na mikono ambayo msomaji ataiona. Na mikono ninayoijua mimi ni yako tu."

Sabina akaguna kwa mbali.

"Mikono nakusamehe," Veneranda akasema. "Mikono iko barabarani hapa, kila mtu anaiona. Ila ya khanga nilikwambia wewe. Sikukiambia kitabu."

Shedrack akaliinamia koti lake.

"Bibi alinifunga, kweli. Nililia wiki ya kwanza. Halafu nikajifunza kungoja jioni ifike nifunguliwe. Umri wote huu najua kungoja kwa sababu ya ile khanga. Wewe umeandika kwamba ubaya uliota hapo. Umewahi kuuona kwangu?"

"Hapana."

"Basi umeandika usichokiona. Daktari wako hafanyi hivyo."

Alisema bila kupandisha sauti, na Shedrack akaona ingekuwa nafuu kama angepandisha. Akaanza kusema kwamba angevichoma vitabu vyote, leo hii akirudi Mbeya. Veneranda akamkatiza.

"Ngoja. Kuna lingine, na hili si la mapenzi, ni la kazi. Daktari Amna amekosea."

"Amekosea wapi?"

"Mshono."

"Mshono haujakosewa. Siku nzima ile nilikuwa nautazama mkono wako. Niliandika kila kitu."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Njoo huku nyuma yangu."

Shedrack akazunguka cherehani, akasimama nyuma ya bega lake. Veneranda alichukua kipande cha shuka, akakikunja pindo, akatunga uzi na kufunga fundo. Akachoma sindano kwa mkono wa kushoto, hatua ndogo ndogo.

"Fundo limeanzia wapi?"

"Kushoto. Unaelekea kulia."

"Rudi benchini."

Akarudi, akaketi.

"Sasa unaliona wapi?"

Shedrack alitazama kitambaa, akautazama mkono, akatazama kitambaa tena. Alikaa hivyo muda, kama mtu aliyegundua amevaa shati ndani nje tangu asubuhi.

"Kulia," akasema polepole.

"Kulia kwako wewe uliye mbele yangu. Anayeanzia kulia kwake akaja kushoto ni mtu wa mkono wa kulia, kama wewe, kama Sabina yule anayemwaga chai. Umemfunga fundi wa watu maisha kwa sababu ya upande uliokalia benchi."

"Na mhariri hakuona."

"Mhariri anashona?"

Hapo Shedrack alitaka kucheka, akajizuia. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, kama si fundi basi ni nani.

"Kalinga," Veneranda akajibu bila kufikiri. Kalinga alikuwa mume wa marehemu kwenye kitabu, mnunuzi wa mpunga. "Umeandika mwenyewe kwamba hatua za mshono zina upana wa kidole gumba. Fundi gani wa nguo anashona hivyo? Ule ni mshono wa gunia. Huyo bwana amemshona mkewe kwa shazia, ile sindano ya magunia, kama anavyofunga mpunga wake kule Chimala. Mimi nilimshuku tangu alipoitwa kumtambua, akalia kabla uso haujafunuliwa. Daktari Amna angeliona hilo kama ungemwacha aone."

Mkono wa Shedrack ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, kalamu ikatoka.

"Usiandike," Veneranda akasema.

Kalamu ikarudi mfukoni.

Veneranda aliuliza vimechapwa vingapi. Mia mbili, na vilivyotoka ni vitano, kimoja ndicho hicho chenye doa la mafuta ya vitumbua. Akamwambia hataki vichomwe. Shedrack akasema havitafaa kwa kitu kingine chochote. Kwao ni Mgololo, baba yake alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka kustaafu, na alikuwa akisema karatasi hairudi kuwa mti.

"Si hurudi kuwa karatasi? Andika upya. Khanga itoke. Mlango upake rangi nyingine. Fundi atoke gerezani. Na yule mama apate jina, tangu mstari wa kwanza, na watu wapike kwenye msiba wake. Ukimaliza nitasoma. Nikimaliza kusoma ndipo tutaongea habari ya barua."

"Na nikishindwa?"

"Utabaki na kitabu kizuri tu."

Akashika sketi iliyofuata. Shedrack alikaa kidogo zaidi, akaaga, akavuka barabara kwenda kungoja basi la kurudi. Kifungo kimoja cha koti lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi. Veneranda alikiona. Hakumwita.

* * *

Kurasa zilianza kuja mwezi wa tatu, kwa makondakta wa mabasi, ndani ya bahasha zilizoandikwa "Fundi Veneranda, mlango wa bluu, Ipogolo". Alisoma akipata upenyo. Palipomkera alipiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo, bahasha ikarudi Mbeya na vumbi la chaki ndani. Shedrack alipiga Jumapili tu, kama walivyokubaliana, na lile swali lake lilikuwa limebadilika sauti.

"Umefika ukurasa wa ngapi?" aliuliza kama mgonjwa anayeuliza majibu ya vipimo.

"Kumi na mbili. Nimelia."

Marehemu sasa aliitwa Bupe, na jina lilikuwa neno la kwanza la kitabu. Ukurasa wa kumi na mbili majirani walileta kuni na unga kabla polisi hawajaondoka, na mwanamke mmoja akagombana na mwenzake kuhusu chumvi, kama ilivyo misibani. Fundi hakuwepo tena ila ukurasa mmoja, pale Daktari Amna alipompelekea shuka amsomee mshono. Akalitazama, akasema, huyu anashona magunia, akarudi kwenye kazi yake. Hakuna aliyeuliza anatumia mkono gani.

"Mafunza bado umeyaacha humo," Veneranda akamwambia alipomaliza ukurasa wa mwisho, mwezi wa saba.

"Ile ni sayansi, Vene."

"Na ule ni wali wangu. Basi yabaki. Bado nakipenda na sikipendi." Akaiweka bahasha ya mwisho mezani. "Waambie wazee waje."

* * *

Walikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, wazee watatu na Shedrack nyuma yao, wakiongozwa na baba mdogo wake Shedrack, mzee mrefu mwenye kikohozi cha heshima. Sabina alipika vitumbua na kumnong'oneza kila aliyemkaribia kwamba kitabu kipya kimeharibika, muuaji amekuwa mtu wa mpunga na yeye hana utani wa kumtania fundi tena.

Kwao Veneranda barua ya posa haifunguliwi mpaka binti mwenyewe aichukue kwenye sahani na kumkabidhi mjomba. Asipoichukua, wageni hunywa chai wakaenda. Mjomba akamwita. Akamuuliza kama anawafahamu watu hawa. Akasema anawafahamu. Baba mdogo akanyanyuka na sahani, barua imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Veneranda akanyoosha mkono wa kulia. Hakuufikiria, mbele ya wakubwa mkono wa kulia hujitokeza wenyewe, bibi alihakikisha.

Mzee hakuisogeza sahani. Aliizungusha taratibu mpaka barua ikawa upande wa kushoto wa binti, akakohoa.

"Mwanetu," akasema, "huko nyumbani tumeambiwa mkono wa kazi ni ule mwingine. Pokelea huo."

Mjomba alifungua mdomo. Mama Evarista akamgusa goti, naye akaufunga.

Veneranda akaitwaa barua kwa mkono wa kushoto.

Baada ya chakula wazee walibaki uani na Shedrack akamfuata dukani. Koti lilikuwa lile lile, na kifungo kilikuwa bado kinaning'inia kwa uzi ule ule. Miezi saba alikuwa amekivaa hivyo. Veneranda alilivuta koti bila kuuliza. Akaweka njiti chini ya kifungo, akakipiga uzi, akauzungusha shingoni mara tatu, akachomoa njiti. Shedrack hakwenda benchini. Alisimama nyuma ya bega lake, upande wa kuuona mshono sawasawa.

Fundo lilikazwa. Uzi ukakatwa kwa jino.

"Mbona leo hukusema?" Shedrack akauliza.

"Kusema nini?"

"Unajua."

"Niseme ukaandike?"

Shedrack akatoa kalamu mfukoni, akaiweka mezani mbele yake. Veneranda aliitazama kidogo, akaifungia kwenye mtoto wa meza pamoja na sindano zake. Halafu akamvalisha koti, akakibonyeza kifungo kwa kidole gumba cha kushoto.

"Kaa hapo," akasema.